Tonge la Kwanza la Baba Mkwe

Izigo, Muleba
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo kutoka huku kwenye mvua. Goti lako linaendeleaje tangu mwanze kulima? Na yule mbuzi aliyevunjika mguu, alipona au mlimla? Sisi tuko salama. Mjukuu wako Neema siku hizi anaita ugali "chakula cha kwa bibi". Ndizi anaziita chakula tu.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe unasikia nusu na mimi nasahau nusu. Mdogo wangu Elia akusomee taratibu mpaka mwisho, ndipo umjibu dada. Najua alichokuambia: kwamba nimemfuata baba mkwe kwenye pombe nikamwaibisha mbele ya wenzake, na kwamba nirudi Iramba kabla sijafukuzwa. Ni kweli nilimfuata. Lakini sirudi, na sababu nitakueleza kwa mpangilio, kama ilivyo kwenye daftari langu la kila siku.

Mazala, ndivyo tunavyomwita mama mkwe huku, ana kisukari. Muuguzi alimwelekeza ameze kidonge cha jioni saa moja na ale papo hapo. Kidonge anameza. Kula, hali. Katika nyumba hii mwanamke haonji chakula kabla mwenye nyumba hajamega tonge la kwanza, na mwenye nyumba yuko kwa jirani anakunywa rubisi, ile pombe yao ya ndizi, hadi saa tatu. Sufuria imefunikwa majani ya mgomba, ndizi na maharage vimeiva, na mazala amekaa kando yake mikono inatetemeka. Nilipomsihi ale, alinijibu kwa upole, "Dawa ni ya hospitali, mwanangu. Chakula ni cha mume wangu."

Kwa wiki tatu niliandika kila jioni saa ya kidonge, saa ya chakula na hali yake. Mara nne alitokwa jasho na ulimi ukawa mzito, na mara zote nne mzee alikuwa amechelewa. Mara ya nne nilimkuta ameanguka karibu na mafiga. Nilimnywesha maji ya sukari kwa kijiko, na hata hapo aliniuliza kwanza kama sukari nayo inahesabiwa kuwa chakula.

Utasema, kwa nini hukumwambia baba mkwe mwenyewe? Mama, huku mkamwana hasemi na baba mkwe ana kwa ana. Tangu niolewe, neno langu kwake linapitia kwa mazala, na lake kwangu vivyo hivyo. Sasa neno hili mazala alikataa kulibeba. "Nimwambie mume wangu awahi kwa sababu tumbo langu lina haraka?" Mume wangu Jovin yuko Nyanga kwenye ujenzi, anarudi Jumamosi. Alimpigia baba yake simu, akaambiwa, "Mimi nakula saa tatu tangu wewe hujazaliwa."

Basi Jumatano niliwahi kupika. Nilipasha jani la mgomba motoni likalainika, nikafunga ndani yake ndizi za maharage na dagaa juu. Mazala alipomeza kidonge tu, nikabeba hadi kwa jirani, nyuma ya mibuni. Walikuwa wazee wanne. Nilipiga magoti nikawasalimia wote, kisha nikamgeukia mwenye nyumba ile, Ta Kashaija, "Ta" ni kama kusema mzee.

"Ta Kashaija, nisaidie kufikisha neno."

"Kwa nani?"

"Kwa mzee aliyekaa kushoto kwako."

Wengine wakaanza kucheka. Ta Kashaija hakucheka. "Neno gani?"

"Mwambie mke wake amekwisha kumeza dawa, na bila tonge lake hali. Wiki iliyopita alianguka. Amege mara moja tu, niende nikamwambie amemega."

Ta Kashaija akamgeukia jirani yake. "Umesikia?"

"Mimi si kiziwi," akasema baba mkwe, macho kwenye kibuyu chake. "Mwambie chakula huliwa nyumbani."

"Anasema chakula huliwa nyumbani."

"Mwambie hata mimi nasema hivyo hivyo," nikajibu.

Hapo mzee mmoja mwembamba akapiga paja lake. "Leo umepikwa wewe, bwana. Mega basi. Usipomega namega mimi, dagaa hawa hawangoji kikao."

Baba mkwe akaweka kibuyu chini. Kisha akauliza, bado bila kumtaja mtu, "Alianguka wapi?"

"Jikoni," nikasema, na nikasahau kupitisha neno kwa Ta Kashaija. Hakuna aliyenikemea. Baba mkwe akafungua jani, akamega.

Mazala aliniuliza mara mbili kama ni kweli. Nikamwambia mashahidi ni watatu. Akala, akamaliza.

Alhamisi nilikwenda tena. Ijumaa pia, na siku hiyo Ta Kashaija aliniletea neno: "Anasema kesho usije." Nilirudi nikiwa na hofu, siwezi kukuficha. Habari zilikuwa zimefika mpaka Muleba sokoni, na shangazi yake Jovin ndiye aliyempigia dada. Jumamosi Jovin alipofika, hata mkoba hakuutua. "Umemfuata baba kwenye pombe?" Nikampa daftari. Alisoma akiwa amesimama mlangoni, akarudia ukurasa wa siku mama yake alipoanguka, akaenda kukaa naye.

Jioni hiyo nilikuwa bado namenya ndizi, utomvu mikononi, saa kumi na mbili haijatimia, baba mkwe akaingia. Akaketi. Akatazama sufuria tupu, akamwambia mazala, "Mwambie mkamwana wako, anayenitoa kwenye kiti changu kwa ajili ya saa, mbona saa yake yeye imechelewa?"

Sikuomba msamaha, Mama, wala hakuna aliyeniomba. Tangu hapo anawahi, si kila siku. Akichelewa nafunga jani nakwenda. Juzi alichelewa, nami nilikuwa tayari mlangoni, mazala akaniita. "Rudi. Kuna tope." Akavuta sahani akaugeuzia mlango mgongo, akala tonge la kwanza yeye mwenyewe, haraka, kama mtu anayevuka barabara. Kisha akasema, "Yeye ana meno yake, nami nina yangu." Baba mkwe alipofika aliona sahani tupu. Aliuliza tu kama dagaa wamebaki.

Kwa hiyo usinitumie nauli. Nitakuja wakati wa kuvuna mtama, na nitakuja kama mtu anayekuja kusalimia, si kama mtu aliyerudishwa. Nikiondoka sasa, jioni zitarudi saa tatu.

Nisalimie baba, na bibi anayelala chumba cha nyuma, mwambie namwombea kila jioni. Msalimie mjomba mchunga ng'ombe, na mama mchungaji aliyenifundisha kuimba. Dada naye msalimie, mwambie sijakasirika, ila siku nyingine aniulize mimi kwanza.

Naiacha kalamu hapa, maharage yanataka maji.

Mimi binti yako,
Mama Neema