Gogo Tuliloliita Babu

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, ila nashindwa kuanza bila kukuamkia.

Tulipomaliza tu matanga yako, ukuta wa magogo unaozuia kilima nyuma ya nyumba ulianza kulalia dirisha la Mama. Baba Mdogo alikuja kutoka Tunduma, akautazama, akasema Mama ahame kabla ya mvua, akaishi kwake. Mama akaendelea kuchambua kahawa. Hataki kuiacha nyumba uliyomjengea, Baba, wala kukuacha wewe huku mlimani.

Basi mimi na ndugu yangu Yoeli tukafukua lile gogo ulilolizika kuushikilia ukuta. Babu amezeeka kweli! Mchwa wamemla, amebaki ganda.

Unakumbuka jina hilo lilivyotoka? Ulitusimulia kila ulipokunywa togwa: mnajenga barabara ya Nanyala, msimamizi Mzungu anataka gogo lizikwe ndani ya kilima, lifungwe waya, livute ukuta usianguke. Kumbe kwa lugha yao gogo hilo huitwa mtu mfu. Mkalimani akatangaza, "Bwana anasema tuzike maiti hapa." Watu wakatupa majembe wakatimua mbio, wakidhani barabara inataka mtu! Ukawafuata ukiita, "Jamani, si maiti, ni Babu tu anakwenda kulala." Nacheka hata sasa, halafu nalia.

Yoeli alitaka gogo jipya likae palepale, karibu na ukuta, maana amechoka kuchimba. Unamjua. Nikakataa. Ulisema udongo wa karibu ukiporomoka unaondoka na Babu. Arudishwe nyuma, kwenye ardhi isiyosogea. Tukachimba juu kwenye mibuni, chini kidogo ya kaburi lako. Gogo la mninga tulilibabua motoni kwanza lisiliwe upesi na mchwa, kama ulivyofanya wewe. Tukakaza waya mpaka nguzo za ukuta zikasimama wima.

Juzi ikaja mvua kubwa ya kwanza. Niliogopa, Baba. Ilipokatika Mama alitoka, akaweka kiganja kwenye ukuta, akatazama juu kwenye mibuni. Hakumtaja Babu. Alisema, "Baba yenu ameshika." Kisha akaingia kuwasha moto.

Haondoki. Baba Mdogo nimeshamwambia.

Lala, Baba yangu. Kila mwaka kabla ya mvua nitapanda kukaza waya, na nikifika juu nitakuamkia.

Binti yako,
Tabita