Nyumba Isiyoomba Moto

Jumatatu, 4 Julai 1955

Leo nimeshona meli. Naandika huku nacheka peke yangu. Mimi Faradji, fundi wa suruali na kanzu, maisha yangu yote kwenye baraza la duka la Bwana Pandeli — leo nimepiga magoti mchangani, sindano mkononi ndefu kuliko kijiko, napitisha kamba kwenye mbao!

Bwana Pandeli, Mgiriki yule, ndiye kanitia kwenye haya. Anasema mababu zake wa zamani kabisa hawakupigilia meli misumari, waliishona. Mji wao ukijaa, au njaa ikiwabana, walichagua watu, wakawapandisha melini, wakawaambia nendeni ng'ambo mkaanzishe mji mwingine. Yeye kaiga meli yao kutoka picha ya mtungi wa kale, na tangu masika mafundi wanaijenga pale ufukweni mwa Gisenyi. Tanga moja la mraba, makasia pande zote, na mbele jicho kubwa la rangi, ili meli ione njia. Wanawake wanaoshuka kuteka maji hawapiti mbele ya lile jicho. Wanazunguka.

Anataka kwenda nayo mpaka Bukavu, mwisho wa ziwa. Wazungu wenzake wanamcheka hotelini, wanamuuliza tangu lini Kivu ikawa na Wagiriki wa kale. Anawajibu kwamba yupo mmoja, ana miaka sitini na magoti mabovu. Dua la kuku.

Vidole vinaniuma. Mshono wa mbao hauna huruma.

Alhamisi, 14 Julai

Sasa najua kwa nini rafu za duka zinazidi kuwa tupu. Bwana Pandeli anahama. Si matembezi, anakwenda moja kwa moja. Bukavu yuko binti wa kaka yake, amemwandalia chumba. Duka litachukuliwa na mtu mwingine.

Aliniambia tukiwa tunakata tanga, bila kuinua macho. Nikasema bon, sawa. Nikaendelea kukata. Nimekata vibaya, nimeharibu kipande kizima cha turubai, akanipa kingine tu.

Baraza lile! Pale ndipo nilipojifunza kushika mkasi, marehemu baba yangu kasimama nyuma yangu. Harufu ya merikani mpya bado mbichi kutoka kwenye robota. Mvua ikinyesha, watu wa sokoni wote wanakimbilia kwetu, wauza viazi wa Mudende na magunia yao, na Bwana Pandeli anagombeza kwamba wanamchafulia sakafu, halafu anawapikia kahawa. Nani atagombeza watu vile tena?

Kitu kimoja cha kuchekesha. Mkuu wa wapiga makasia ni mvuvi anaitwa Phocas. Bwana Pandeli aliposikia jina akamwomba alirudie. Akamshika mkono na kumwambia hilo ni jina la kwao hasa, la mabaharia. Phocas akamjibu kwa adabu kwamba hilo ni jina la misheni ya Nyundo, alipewa na padri.

Ijumaa, 22 Julai

Baada ya sala Bwana Pandeli alikuja nyumbani, kofia mkononi, amevaa koti. Mama alikuwa jikoni. Nilidhani amekuja kuaga. Amekuja kuomba moto.

Akaeleza vizuri, na Mama akasikiliza. Wale watu wa kale walipoondoka walichukua moto kutoka jiko la mji wao, wakaulinda baharini, na kule ng'ambo wakawasha nao jiko la kwanza. Moto wa kiberiti hauna kazi. Bila moto wa nyumbani, mji mpya ni yatima. Yeye mji wake wa kuzaliwa uliungua wote akiwa kijana, wakati wa vita na Waturuki. Jiko la mama yake hajui liko chini ya nyumba ya nani. Kisha akasema:

“Dada, siku nilifika hapa nililowa mpaka ndani ya viatu. We ulinipa makaa ya moto, nikaanza nayo maisha. Kwetu ni hapa. Naomba tena.”

Mama akageukia mafiga. Mimi nikajua anafikiria nini, maana hadithi ya moto wake mtaa wote wa Waswahili unaijua. Baba yake aliutoa Ujiji wakati wa Wadachi, Wajerumani wale, makaa yamefukiwa majivuni ndani ya chungu. Wakapanda mtumbwi mpaka Uvira, wakapanda bonde la Rusizi kwa miguu, yeye akiwa msichana, chungu kichwani. Akautia kwenye mafiga hapa Gisenyi, na haujazimika. Usiku anaufukia, alfajiri anaufukua. Na sheria yake ni moja tu: nyumba yetu inatoa moto, haiombi. Mara ngapi nimelisikia hilo! Nilipokuwa mtoto nilidhani ni aya.

Mama akamjibu kwamba atampa. Lakini moto hauendi peke yake kama mzigo. Alikuja nao yeye, atakwenda nao yeye.

Bwana Pandeli macho yakamjaa machozi. Akasema hata wao wa kale, mara nyingine, aliyepelekwa pamoja na vitu vitakatifu alikuwa mwanamke mzima mwenye heshima. Mama akasema basi walikuwa na akili.

Jioni Mama alikuwa ananiambia kwamba Bukavu unaona pale Rusizi inapotokea ziwani. Unashuka nayo mpaka Uvira. Na Uvira maji ndiyo yale yale ya Ujiji. Hatafika Ujiji, anajua, miguu haitaki. Anataka tu moto uone njia uliyojia. Sikumwona na furaha hivi tangu baba afe.

Jumapili, 31 Julai

Idi ilikuwa jana. Tumechinja, tumekula, wageni wamejaa. Mama akawa anawaonyesha mafiga kama bibi harusi. Mzee mmoja wa Mbugangari, asili yake pia Ujiji, aliinama akaota moto ule mikono, akalia.

Leo Mukashyaka, mke wangu, amenifuata nyuma ya nyumba ninapoanika kamba. Uso umemshuka. Nikauliza kama nyama imemdhuru. Akaniambia:

“Baba Dauda, moto ile si ya Ujiji.”

Ilikuwa mwaka tuliooana. Mama alikwenda matangani Rutshuru, mimi nilikuwa kwenye baraza kutwa. Mvua ya mawe ikafumua paa la jiko, maji yakajaa kwenye mafiga. Moto ukafa. Yeye alifanya alivyofundishwa kwao: mwanamke moto ukimzimikia, anachukua konzi la majani makavu, anakwenda kwa jirani kuomba. Alikwenda kwa Nyirahabimana, mke wa mvuvi, kule chini. Akazoa majivu yote yaliyolowa, akatupa, akawasha, akapika. Hakujua kama amefanya kosa. Alikuja kujua Mama aliporudi na kumsimulia, kwa mara ya kwanza, moto wa Ujiji. Tangu siku ile kimya. Watoto wamezaliwa, wamekua, kimya.

Nilikasirika. Niandike nini humu, nilikasirika sana. Halafu nikamwona alivyosimama, kashika ncha ya kitenge, mwanamke mzima, na hasira ikaisha. Mwari wa watu kaona moto umezimika, kaenda kwa jirani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nimefikiri hivi. Kwa Bwana Pandeli hakuna kilichoharibika, hata ni afadhali. Anataka moto wa Gisenyi, na ule ni wa Gisenyi kweli, umetoka kwenye jiko la wavuvi. Lakini Mama! Mama anabeba Ujiji kwenye chungu. Nikimwambia, nimemuua. Nisipomwambia, anakwenda kuulilia mto Rusizi kwa makaa ya Nyirahabimana.

Jumanne, 2 Agosti

Sikumwambia. Asubuhi nilijaribu, alikuwa anachagua chungu, anagonga vyungu kimoja kimoja kwa kidole na kusikiliza. Nikasema Mama. Akaitika. Nikasema chagua kile kizito.

Jumatano, 3 Agosti — melini

Tumeondoka! Gisenyi nzima ufukweni. Nyirahabimana naye alikuwepo, anapunga mkono, hajui lolote. Mukashyaka alisimama nyuma ya watu.

Mama kakaa katikati, chungu mapajani, kitambaa chini yake, mgongo umenyooka. Phocas anaanzisha wimbo, makasia yanaitikia. Bwana Pandeli alisimama nyuma kwenye usukani mpaka duka lake halionekani tena. Na mimi niliangalia baraza. Kutoka majini ni dogo sana, mtu hawezi kuamini tulienea sote pale wakati wa mvua.

Mishono yangu inavuja kidogo. Kidogo tu.

Alhamisi, 4 Agosti — ghuba kabla ya Kibuye

Nimekaa juu ya jiwe, nje ya ua wa watu nisiowajua. Naandika nikingoja.

Adhuhuri upepo uligeuka ghafla. Tukashusha tanga, lakini wimbi moja lilipanda ubavuni na kutumwagikia wote. Wote! Tukaingia ghuba hii kukausha vitu. Bwana Pandeli akauliza kwa sauti, moto mzima? Mama akainua mkono, kwamba ndiyo. Phocas akacheka, watu wakapiga makofi.

Nilisogea nimsaidie. Akafunua kitambaa kidogo, anione mimi tu. Uji wa majivu. Akaingiza vidole mpaka chini, akavitoa vyeusi, vimelowa.

Nilitaka kulia. Yeye akafunika chungu, akaanza kuzungumza taratibu, anaangalia mlimani.

“Siku ile Mukashyaka alikwenda kwa nani? Kwa Nyirahabimana?”

Nikatikisa kichwa tu kwamba ndiyo.

“Nilidhani hivyo. Niliporudi kutoka Rutshuru nikakuta majivu meupe, mapya, kiasi cha mkono. Yangu yalikuwa ya miaka.”

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alikuwa na njaa ya safari, na chakula kilikuwa kimeiva, akala. Mukashyaka alikuwa anamtazama anavyokula. Angesema nini? Kisha akanipa chungu, nimwage majivu mbali, watu wa meli wasione. Akanionyesha nyumba moja yenye moshi, juu ya migomba.

“Nenda ukaombe, Faradji. Piga hodi vizuri, usiingie mpaka wakuambie.”

Mama yangu! Nyumba yetu haiombi — na yeye ndiye kanituma.

Nimepanda mpaka hapa. Nimebisha. Sauti ya mwanamke imeitika, imesema ningoje, moto wake umelala, anaupuliza. Kule chini naiona meli yote, na jicho lake. Bwana Pandeli kasimama mbele kabisa, kaweka mkono juu ya macho, anatazama huku. Labda ananiona. Mama hatazami. Anakamua kitambaa.

Chungu kiko miguuni pangu, kimepanguswa, kikavu. Kuna kuni zinalia ndani ya ua. Sasa mwanamke ananiuliza huko huko aliko, kama wanavyouliza wote kabla ya kutoa moto, anampa nani. Ninyi ni watu wa wapi, anasema.

Amerudia kuuliza. Bado sijamjibu.