Hoteli ya Mifupa

Wamaza, tarehe 11 Februari 2024

Kwa mutoto wangu Arlette, huko Kasongo,

Pokea salamu nyingi kuliko majani ya muhogo. Mwili uko namna gani? Unakula? Sisi huku tuko, mvua inanyesha, mgongo wangu unalia, lakini jembe halina masikio.

Barua yako imefika kwa mutu wa moto, yule wa pikipiki. Niliisoma mimi mwenyewe, na elimu yangu ya darasa la tano, kisha nikaisoma kwa sauti mbele ya kanisa. Eti wewe, mujane wa Pacifique, badala ya kurudi kwetu kulia, unajenga nyumba ya mazoezi na mapumziko ya wanamuke! Nikuambie kweli: sikuelewa. Mwanamuke mwenye kulima na kubeba kuni, mazoezi gani tena? Nikifika shambani tu, nimekwisha kufanya spoti ya mwaka.

Lakini jirani yangu Consolée alipocheka nilimwambia: "Cheka vizuri, Consolée. Wangu alisoma Bukavu mambo ya mifupa na misuli. Wako alisomea wapi?" Akatafuta kiatu chake chini ya benchi, na alikuwa amekivaa.

Sasa nieleze, nipate cha kujibu siku nyingine.

Mama yako aliyekuzaa,
Louise


Kasongo, tarehe 2 Machi 2024

Mama mupenzi,

Nakusalimia, nawasalimia na wote wa kanisa, maana najua wanasikiliza. Mimi niko muzima. Huo mgongo, usiuache hivyo.

Unakumbuka nilipofanya kazi Salamabila? Wanamuke wenye kutwanga mawe ya zahabu walikuja kwangu wamepinda kama mundu. Tuliwapa vidonge, wakarudi kutwanga, wakarudi kwetu. Kazi inavuta mwili upande mumoja tu, siku zote. Mazoezi yangu yanauvuta upande mwingine, polepole. Ndiyo yote, mama.

Nyumba ni ya matofali ya kuchoma. Chini ya manjanja, mabati ya paa, nimetandaza dari ya mikeka, ili mvua isitupigie kelele. Madirisha yako juu, mwanaume asichungulie. Ukuta nimeupaka udongo mwekundu uliosuguliwa na jiwe mpaka unang'aa. Kioo hakuna: mutu aliyechoka anajijua. Muziki hakuna: hawa mama wanasikia mashine ya kusaga mawe kutoka asubuhi. Kuko chumba kikubwa chenye mikeka, kamba na mifuko ya mchanga, na nyuma yake bafu la maji ya moto yenye mchaichai.

Na mlangoni, kwa ndani, kuko benchi ya chini, mtungi na beseni. Hapo nimefuata nyumba yako. Kwako mutu haulizwi kilichomuleta kabla hajanywa maji na kuoshwa miguu. Kwangu vilevile: kwanza ni mugeni, ugonjwa wake utangoja.

Shida ni shemeji Djuma, ndugu ya Pacifique. Anataka parsele hii, kiwanja chote, awapangishe wanunuzi wa zahabu. Anasema wanamuke kujinyosha nyuma ya ukuta ni haya kwa ukoo wao. Parsele ni mama mukwe Aïcha aliyemupa Pacifique, lakini tangu magoti yamushinde anakaa ndani, na Djuma amejifanya kinywa cha mama yake.

Tafazali mama, usitangaze kwanza. Nyumba haijaisha.

Mutoto wako,
Arlette


Wamaza, tarehe 20 Machi 2024

Arlette wangu,

Salamu, na afya, na nguvu mara mbili, maana utazihitaji.

Kutangaza nilikwisha. Barua yako ilifika jumanne, na jumanne ni soko. Nilisema kwamba mutoto wangu anajenga hoteli ya mifupa, ukifika unaoshwa miguu kama mukwe wa shefu wa kijiji, na mutu yeyote wa Wamaza akitaja jina langu atapokelewa. Ungeona uso wa Consolée!

Huyo Djuma mwambie hivi: haya ni ya mutu anayechukua nyumba ya mujane wa ndugu yake. Wewe paka ukuta wako. Akikutisha, paka mara ya pili. Mimi nilikuzaa njiani, kichwani nina kikapu, na kikapu hakikuanguka. Hautashindwa na mutu wa suruali iliyopigwa pasi.

Mama yako asiyeogopa,
Louise


Kasongo, tarehe 15 Juni 2024

Mama,

Natumaini uko muzima, maana nataka kukugombeza.

Jana kundi zima la wanamuke wa Wamaza limeshuka kwenye mapikipiki mbele ya mlango wangu, na kuku, na magodoro, na Consolée mbele yao! "Tumetumwa na Mama Louise. Vyumba vyetu viko wapi?" Mama, hii si hoteli! Kitanda hakuna hata kimoja. Bafu halijafunikwa. Wametandika magodoro juu ya mikeka ya mazoezi, wanapika sombe ya majani ya muhogo kwenye uwanja, na Consolée amening'iniza nguo zake kwenye kamba zangu.

Nimewaosha miguu, ningefanya nini? Wametaja jina lako. Lakini siku ya kufungua kwangu umeiharibu kwa ajili ya kinywa chako. Sitakuandikia tena mipango yangu.

Arlette


Kasongo, tarehe 17 Juni 2024

Mama wangu mupenzi,

Ile barua ya juzi itakufikia pamoja na hii. Usiisome mbele ya kanisa.

Leo Djuma alikuja na wanaume wenye nyundo kutoa mlango. Nilisimama mlangoni. Nilisema: "Anza na mimi." Alikuwa anafungua kinywa, na kwa nyuma yangu Consolée akatokea, miguu inadondosha maji, sahani ya sombe mukononi.

"Ni nani huyo anayepiga kelele tunapokula?"

Djuma akachungulia. Uwanja umejaa mama wazima, wengine kama mama yake, wamekwisha kuoshwa, wamekwisha kuonja chumvi ya nyumba. Wale wa nyundo waliangalia chini. Mumoja alisema: "Djuma, kuvunja nyumba na wageni ndani? Mimi hapana. Laana hiyo utaibeba peke yako." Na kweli, mama, hapa wala kwetu, mutu hafukuzi mugeni aliyekwisha kunywa maji.

Aliondoka. Lakini alisema: "Wageni wana siku ya kurudi kwao. Nitangoja." Na kesho kutwa wanarudi kwao.

Mutoto wako anayekuomba radhi,
Arlette


Wamaza, tarehe 30 Juni 2024

Arlette, mutoto wa nguvu zangu,

Salamu na vigelegele. Na wewe ulidhani nilikosea! Mama yako hajawahi kukosea, anawahi tu mbele ya wengine.

Anangoja wageni waishe? Wamaza haina upungufu wa migongo. Tumepanga zamu kanisani: kundi likirudi, lingine linapanda moto. Consolée amerudi anainama mpaka anagusa vidole vya miguu mbele ya watu wote, na mapasta wamemukataza kufanya hivyo wakati wa maombi. Sasa hata mama wa kiislamu wa sokoni wanadai zamu yao.

Mwambie Djuma alete kiti chake cha kungojea. Na mama yake alete magoti yake, maji yako kwa kila mutu.

Mama yako,
Louise


Kasongo, tarehe 24 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Umenyamaza, nasi tumenyamaza. Najua ni njia: mvua imekata daraja, na zamu ya Wamaza haikufika. Alhamisi nyumba ilikuwa tupu. Djuma alilijua hilo kabla yangu.

Alikuja na nyundo na watu wengine. Nilifungua mlango mimi mwenyewe. Sikutaka auvunje, niliuchonga kwa miti ya Lusangi. Nilimwambia: "Ingia uangalie unachobomoa."

Aliingia, akasimama.

Kwenye benchi alikaa mama yake Aïcha. Alikuwa amekuja asubuhi kwa fimbo, polepole, akikaa njiani mara kwa mara, peke yake. Sikumuuliza kitu, nilimupa maji. Miguu yake ilikuwa kwenye beseni.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Mimi ni mugeni. Nimengoja miezi yote uniambie kwamba kuko nyumba ya magoti kwenye parsele niliyotoa mimi. Haukuniambia. Nimeisikia sokoni, kwa watu wa Wamaza." Akainua mguu mumoja, akaurudisha. "Parsele ni ya Arlette. Nimesema kwa kinywa changu, siyo chako. Funga mlango, unaleta baridi."

Aliufunga, mama. Kwa upande wa nje.

Mama mukwe anakuja kila siku. Jana alipanda ngazi ya mazoezi bila fimbo. Anakusalimia.

Mutoto wako, mwenye nyumba,
Arlette


Wamaza, tarehe 8 Desemba 2024

Kwa mwenye nyumba,

Salamu kwako, na kwa Mama Aïcha salamu za mutu anayetambua mwenzake.

Nimelia kidogo, usimwambie mutu. Kisha nimeisoma kanisani, nikarudia pale pa mlango, wakaniomba nirudie tena.

Daraja likitengenezwa nakuja mimi, na mgongo wangu. Usinipokee kama mama. Niweke kwenye benchi, maji kwanza, maneno baadaye, kama wengine.

Neno lingine dogo. Juma lililopita nilikuwa Lusangi kwenye matanga, watu waliuliza, na mimi nikajibu. Wanajua sasa kwamba kwako vyumba vya kulala viko kumi, na vitanda.

Kwa hiyo, mutoto wangu, jenga.

Mama yako,
Louise