Martin Ryan, Kazi: Mhunzi

Jumatatu, 15 Oktoba 2018

Nimempata. Siku moja tu! Nilianza baada ya chai ya asubuhi, na kabla kabichi haijaiva nilikuwa naye kwenye kompyuta: Martin Ryan, wa Kilcorran, Tipperary, kikosi cha Munster. Aliuawa Ubelgiji, Agosti 1917. Mke: Honora. Na Bibi Nora wetu, bibi yake Baba, alibatizwa Honora. Nitake nini tena?

Wenzangu kwenye kamati ya jiwe la kumbukumbu ya waliokufa Vita vya Kwanza vya Dunia wanahangaika na babu zao tangu Pasaka. Mimi nimesajili ng'ombe wa wilaya hii miaka thelathini na mmoja — mama nani, baba nani, kazaliwa zizi gani. Fahali namfuata vizazi vinane bila kunyanyua kichwa. Anishinde mzee mmoja wa Tipperary?

Kilichonianzisha ni picha. Wiki iliyopita nilikuwa natoa vitambaa vya meza kabatini, na chini kabisa, imelazwa kifudifudi, nikakuta picha ya mtu ambaye nyumba hii haimtaji. Babu yake Baba. "Yule wa Boston." Nimekua na hadithi yake: Machi 1915 alikwenda Amerika, akaacha mke na watoto watatu, hakuandika hata mstari mmoja. Baba alilelewa na Bibi Nora, na chuki hiyo aliipata mikononi mwake pamoja na uji. Lakini nyuma ya picha kulikuwa na kifungo cha shaba, kimeshonewa kwa uzi. Kina chui milia. Hicho si kitu cha Boston. Ni kifungo cha kikosi cha Munster, jeshi la Mwingereza.

Naelewa walivyofanya. Baada ya sisi kupata uhuru kutoka kwa Mwingereza, nani hapa angekiri kwamba wake alivaa sare ile? Ukisema Amerika, watu hawaulizi zaidi.

Kesho nitamwambia Baba.

Jumanne, 16 Oktoba

Nimemwambia. Nilingoja amalize yai lake. Ana miaka themanini na sita na hapendi habari na yai kwa wakati mmoja.

Nikamsomea ukurasa.  Akaniomba nisome tena ile tarehe. Nikasoma. Akahesabu kwa vidole kwamba baba yake alikuwa na miaka saba. Kisha akasema polepole, "Kwa hiyo hakutukimbia. Alikuwa amekufa."

Nikamjibu ndiyo, alikuwa amekufa.

Akaamka mwenyewe, bila fimbo, akachukua nyundo. Sasa picha ya Martin iko ukutani sebuleni, karibu na ya Bibi Nora. Imekaa upande kidogo. Sitainyoosha.

Jumamosi, 20 Oktoba

Jina limekwenda kwa fundi wa mawe. Karatasi ya parokia imetangaza: Martin Ryan, babu yake Dinny Ryan, yaani Baba. Jiwe litafunuliwa tarehe 11 Novemba, miaka mia kamili tangu vita kwisha, na kamati imemwomba Baba aweke maua kwa niaba ya familia zote. Amenituma nikamnunulie shati jeupe. Ana mashati meupe manne!

Mwenyekiti akaniuliza kama nina hakika. Nikamtazama tu.

Alhamisi, 1 Novemba

Leo tumejaza bahasha ya wafu. Kila nyumba inaandika majina ya marehemu wake, bahasha inawekwa altareni, na mwezi mzima wa Novemba wanaombewa. Mimi ndiye huandika, Baba hutaja. Miaka yote anaanza na Bibi Nora, kisha baba yake Jack, kisha Mama, kisha shangazi, kisha kaka yake aliyezama. Martin hajawahi kuandikwa. Mwaka mmoja nilimuuliza, akaniambia Boston wana makanisa yao.

Leo aliivuta bahasha kwake kwanza. Halafu akasema, "Anza na Martin."

Nimeandika kwa hati nzuri kuliko zote. Nilikuwa na furaha kweli, na najipongeza, maana hakuna mwingine wa kunipongeza.

Jumamosi, 3 Novemba

Balaa.

Con amekuja saa nane mchana na kopo la biskuti. Con Ryan, jirani yetu ng'ambo ya mto, hana mke, ana miaka sabini, husema maneno kama kumi kwa wiki. Si ndugu yetu. Hapa ukirusha jiwe linampata Ryan, ndiyo maana kila nyumba ina jina lake la pili: sisi ni Ryan Wahunzi, akina Con ni Ryan Wekundu, ingawa hajazaliwa mwenye nywele nyekundu kwao tangu vita. Majina hayo tunayo midomoni tu. Serikali haiyaandiki. Na jeshi halikuyaandika.

Nilidhani ameleta biskuti. Akafungua. Ndani mna sahani ya shaba, ile mfalme aliyowapelekea waliofiwa vitani, na medali mbili. Akasema, "Assumpta, umemchukua mtu wangu."

Medali zina namba ya askari ukingoni. Nikachukua miwani, nikachukua karatasi yangu. 5871. Na yangu 5871. Namba ile ile!

Martin wao, mke wake naye Honora. Bila shaka. Nusu ya wanawake wa parokia walikuwa Honora. Vitu hivi vilikaa nyuma ya ubao wa banda la kuku tangu 1921, na baba yake Con alimwapisha asiseme. Aliposoma karatasi ya parokia alikaa wiki mbili akijishauri.

Nikarudi kwenye ukurasa wangu. Kuna mstari niliouruka kwa kiherehere. Kazi: kibarua. Kibarua! Wetu alikuwa mhunzi, na baba yake mhunzi, na ndiyo jina letu. Ng'ombe ana hereni ya namba sikioni na mimi sijawahi kusajili hata mmoja bila kuitazama. Hapa hereni ilikuwa mbele ya macho yangu.

Baba alikuwa amelala kwenye kiti. Con akamtazama, akatazama ukutani, kisha akaninong'oneza: "Mwache Mzee aweke maua yake. Wangu hana haraka."

Nikamshukuru. Ameniacha na biskuti mbili zilizokuwa chini ya sahani.

Jumapili, 4 Novemba

Kwenye misa Baba kaimba. Huwa haimbi.

Ningeweza kunyamaza. Con hatasema, jiwe lina jina tu, wala haliandiki Wahunzi au Wekundu. Lakini sijawahi kumwacha ndama kwenye ukoo usio wake, hata pale tajiri mmoja aliponiletea paja zima la nyama ya chumvi. Nitamtafuta wetu. Nikishampata, ndipo nitasema. Kifungo cha chui hakikujishonea chenyewe.

Jumatano, 7 Novemba

Nimempata — na sasa naandika bila kujigamba. Kidogo tu.

Safari hii sikutafuta kwa jina, kwa jina wako mia tatu. Nimetafuta kwa kazi. Martin Ryan, Kilcorran, kazi: mhunzi. Kikosi cha Munster, mpigilia chuma kwato za farasi. Watoto: Jack, Mary, Thomas. Ndio wetu! Faili lake liliokolewa kwenye moto London, wakati wa vita vya pili; kingo za karatasi zimeungua, katikati panasomeka. Urefu futi tano na inchi sita. Kovu la moto mkono wa kushoto. Baba ana mkono wa namna ile ile, mpana, kidole gumba kimekaa kama koleo. Nimelia kwa ajili ya kovu, sijui kwa nini.

Halafu nikafika chini. Hakuuawa. Ameachiliwa jeshini Februari 1920, mapafu yameharibika kwa gesi. Makazi: nyumba ya wapangaji, Liverpool.

Liverpool ni usiku mmoja kwa meli. Alikuwa hai, na hakurudi.

Nimefunga kompyuta, nimekwenda kukata kuni ambazo hatuzihitaji.

Alhamisi, 8 Novemba

Nimelimaliza faili. Kurasa thelathini na nne. Ukurasa wa ishirini na tisa ni barua kwa ofisi ya jeshi, Juni 1921, hati safi, herufi zimesimama wima. Kona moja imeungua. Nanakili hapa ili nisije nikajidanganya baadaye:

"Bwana, naomba msilete tena hapa barua za mume wangu wala karatasi zenu. Watu walikuja nyumbani mara mbili kuuliza. Nimewaambia watoto baba yao yuko Amerika, na majirani nimewaambia hivyo. Akija watatuchomea nyumba. Mwambieni asije. Mwambieni watoto wako salama. Honora Ryan."

Na chini yake karani kaandika: askari amejulishwa, ameomba anwani ya Kilcorran ifutwe.

Ukurasa wa mwisho ni 1938. Amefariki hospitalini, Liverpool. Ndugu wa karibu: hakuna.

Kwa hiyo Boston ilitungwa na Bibi Nora. Si majirani, si aibu ya baadaye. Yeye mwenyewe, mezani hapa hapa jikoni. Mwaka ule wapigania uhuru walikuwa wakiwasaka waliovaa sare ya Mwingereza; alimfungia mlango ili watoto waishi, na hakuufungua tena — hata 1925, hata 1930, mambo yalipotulia. Baba alizaliwa 1932! Kwa miaka sita alikuwa na babu aliye hai ng'ambo ya maji, na akafundishwa kumchukia. Na aliyemfundisha ndiye mtu anayempenda kuliko watu wote, mimi nikiwemo.

Namkasirikia. Kisha nasoma tena "wako salama", na hasira inaisha. Kisha inarudi.

Ijumaa, 9 Novemba

Nimekwenda kwa Con, kwa sababu yeye hasemi. Nikamsomea barua kwenye banda, anakamua. Akakamua ng'ombe mzima kabla hajajibu. Akasema kwao vilevile walikuja watu, mara mbili, ndiyo sababu ya banda la kuku. Akasema bibi yake alikuwa na sahani ya shaba ya kuficha, lakini Nora alikuwa na mtu aliye hai. Mtu hafichiki nyuma ya ubao.

Nikamuuliza, nimwambie Mzee au nisubiri ipite Jumapili? Akaniambia mimi ndiye mwenye karatasi.

Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

Nimeamua. Kesho asubuhi, baada ya yai.

Jumamosi, 10 Novemba

Sikumwambia. Alikuwa anapiga viatu rangi. Viatu vyangu pia.

Jumapili, 11 Novemba

Saa nne kasoro, asubuhi. Misa ni saa tano. Naandika mezani jikoni, koti nimeshavaa.

Nimemwambia yote, kwa mpangilio, kama ripoti. Con na namba yake. Kibarua na mhunzi. Gesi. Liverpool. Alikuwa amekaa na shati jeupe, maua magotini. Nilipofika 1920 akasema kwa sauti kavu, "Kumbe alitukimbia kweli." Nikasema hapana Baba, subiri, na nikamwekea mbele barua niliyoichapa kutoka kwenye kompyuta. Nilitaka kumsomea. Akanizuia kwa mkono. Hakuwa hata na miwani.

Akaweka kidole juu ya ile R ya mwisho. "Hii ni R ya Bibi," akasema. "Ndiye aliyenifundisha kuiandika. Kwenye meza hii."

Ndipo akaomba miwani. Alisoma mara moja, taratibu, midomo ikitembea. Akauliza alikufa lini. Nikamwambia. Akauliza nani alikuwa naye. Nikamwambia faili linasema hakuna. Akakunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akaingia sebuleni, akafunga mlango. Maua ameyaacha mezani, hapa, mbele yangu.

Con ameshafika. Tulipatana tangu Ijumaa atupeleke sote kanisani. Yuko nje, injini inaunguruma, hatapiga honi hata ikifika saa sita.

Nasikia kiti kikisogezwa. Amepanda juu ya kiti! Umri huo! Nimesimama, nimekaa tena. Akitaka msaada ataniita.

Picha imetolewa ukutani. Nimesikia uzi ukikwaruza msumari. Moja. Sijui ya nani, na naona aibu jinsi ninavyoomba isiwe ya Bibi. Au isiwe ya Martin. Sijui ninaomba nini.

Kiti kinasogezwa tena.

Sasa ya pili.

Ananiita, hajafungua mlango. Anataka nikamuulize Con kama kiti cha nyuma kina nafasi ya kutosha, maana hawa wawili hawatakaa mapajani mwake barabara nzima. Sauti yake siisomi kabisa. Anaweza kuwa anawapeleka kanisani waombewe pamoja, au anataka Con asimame darajani awatupe mtoni. Kwa Baba yote mawili yanawezekana.

Nimechukua maua. Ninakwenda kumuuliza Con —