Mashini ya miguu na bwana wa breve

Kasongo, Jumanne. Mvua tangu alfajiri, ile nyembamba isiyo na haraka.

Uwanja wetu uko kimya. Asubuhi kama hii wamama wangekuwa chini ya mabati na beseni za mupunga, wanangoja zamu ya kukanyaga mashini, wanachekana. Salima wangu amezoea kulala kwa ile sauti ya munyororo. Leo amekataa. Nimemubeba mugongoni, nimemuimbia, wapi.

Bwana wangu, Baba Salima, aliitengeneza wakati nilikuwa na mimba. Aliniona natwanga huku nashika kiuno. Kisha akachukua kinga yake, baiskeli aliyokuwa anabebea mizigo, akaikata. Akaunganisha pedali na vigogo viwili vilivyovikwa mpira wa tairi. Mupunga unapita katikati, maganda yanatoka. Siku ile hakuniambia neno la mapenzi. Sikulihitaji.

Kwetu fundi akipata namna mpya, anaita mafundi wenzake waje kuiangalia. Nilipika wali na samaki, wakala, wakapima vigogo kwa vidole, wakaenda. Baadaye tukasikia iko moja kule Wamaza, ingine kule Lusangi. Baba Salima alifurahi kama mutu aliyepata mapacha.

Sasa furaha hiyo ndiyo inatufunga.

Wiki iliyopita alikuja bwana mumoja kutoka Kinshasa na avoka wake, wakili wa kumusemea. Alikuwa na breve, karatasi ya leta, ya serikali, inayosema wazo fulani ni mali ya mutu fulani. Yake inasema kila mashini inayokoboa nafaka kwa nguvu ya miguu ni mali yake. Nilimwaga mupunga kidogo ili aone namna inavyofanya. Hakuangalia. Hajatengeneza hata moja, alisema mwenyewe bila haya. Kazi yake ni kushika breve.

"Papa, ulipe kila mwezi, ao uivunje," aliambia bwana wangu. "Na zile za Wamaza na Lusangi, ni wewe uliwafundisha kuniibia."

Jirani yetu, Mama Zaituni, alikuwa juu ya pedali. Hakuacha kukanyaga. "Na hii miguu yangu, papa, nayo iko ndani ya breve yako? Kama iko yako, kuja uipakae mafuta, inaniuma."

Tulicheka. Hata avoka alicheka. Kicheko hakikufuta muhuri wa ile breve.

Tumeuliza watu wenye kujua. Wanasema pengine breve ile haina nguvu, maana mashini yetu ilikuwapo mbele ya ile karatasi kuandikwa. Lakini kesi itasikilizwa Kinshasa. Ndege, avoka, mahali pa kulala. Bwana yule anajua. Hatuogopi kwamba ana haki. Tunaogopa kwamba hatutafika mahali pa kusema hana.

Fundi wa Wamaza ametuma neno kwa mutu wa pikipiki: amevunja yake, na Baba Salima asimuite tena kuangalia kitu.

Hilo lilimuumiza kuliko avoka. Jana alifungua munyororo, akaanza kuunga kinga upya, iwe ya mizigo tu.

Iko na kitu kingine. Kwenye ukuta wa jiko alikuwa amenichorea kwa makaa mashini mpya, ya kupasua mbegu za ngazi, zile za muchikichi. Alichora jioni kidogo kidogo, mimi nikikoroga chungu. Mukono wa kuzungushia aliuweka chini, kwa sababu mimi ni mufupi.

Leo asubuhi akasema, "Mama Salima, pakaa ule ukuta."

Nikamwambia tuache, bwana wa breve haujui huu muchoro.

"Nikiitengeneza atatokea mwingine na karatasi yake. Pakaa tu."

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningepata nguvu ya kubishana.

Nimechanganya udongo mweupe na maji, nimepakaa, Salima mugongoni. Nilianzia mbali, kule kusiko na kitu, nikaenda polepole. Mwisho nikafika kwenye ule mukono wa chini, nikaupakaa nao.

Halafu nikatoa kinu nje, nikakiosha. Buibui walikuwa wamekaa ndani.

Kila mutu anayewaza kitu huku Maniema, sasa awaze kimya-kimya?

Udongo ukiwa bado maji, makaa yanaonekana chini yake. Ukikauka hayataonekana tena. Mvua inanyesha bado, hakuna kitu kinachokauka leo. Nimekaa na mutoto mbele ya ukuta, naangalia.

Amelala sasa.