Niliapa kwa Talaka Juu ya Namba Sita

Bi Waride, salamu nyingi, na pole kwa kazi ya kubeba mizigo yetu wasomaji. Nakuandikia nikiwa mtu aliyepona, maana wiki mbili zilizopita hata kalamu nisingeweza kuishika, ila katika kupona kwangu umebaki mwiba mmoja, na huo ndio nakuomba unitoe.

Mimi naitwa Fikirini, mkulima wa korosho na ufuta hapa Mtunda, na kocha wa timu ya kijiji mwaka wa kumi na moja sasa. Mke wangu ni Mwanahalima, na kiungo wa timu yetu siku hizi ni Amri, mdogo wake wa kiume, yaani shemeji yangu. Uwanja wetu, Bi Waride, kila masika pale kati panakuwa tope tupu, mpira ukianguka hapo unalala, kwa hiyo mimi tangu zamani nimewafundisha vijana kutopita kati, beki akipata mpira abutue mbele, Sadala wetu ni mrefu, apige kichwa, wengine wakimbilie, na Amri kwa kuwa ana mbio nikamweka winga ya kushoto kazi yake kufukuzia hiyo mipira mirefu. Yeye hakupenda. Alikuwa akiniambia, "Shemeji, mimi nikiufukuzia mpira nafika nimeshachoka. Nipe namba sita, pale kati, niupokee kwa mabeki, nauona uwanja mzima." Nikamwambia namba sita ni ya mtu mwenye kifua, siyo yeye mwembamba kama fito.

Maneno yakahamia kijiwe cha kahawa, na kijiwe kizima kikawa upande wa Amri, hata Saidy, msaidizi wangu mwenyewe, siku moja akaniambia mbele ya watu kwamba mpira umenipita. Nikapandwa na hasira, nikasimama, nikasema, "Amri akicheza namba sita na timu ikashinda, Mwanahalima si mke wangu!" Bi Waride, watu wote waliinamia vikombe vyao. Mzee mmoja akasema, "Ewe Fikirini, rudisha ulimi." Sikuurudisha.

Ikafika fainali ya kombe la ujirani, tulicheza na Ngarambe, pale Kibiti, uwanja mkavu. Kipindi cha kwanza tunabutua, wao wanaunasa, wanacheza, mpaka mapumziko tumefungwa mbili bila, na Mohamedi wetu wa namba sita kateguka kifundo cha mguu. Nikamsogeza Amri namba sita na winga nikaingiza mwingine, nikijisemea moyoni mbili bila hizi tutashinda wapi, kiapo hakina kazi. Basi yule kijana akaanza kuupokea mpira kwa mabeki, anageuka, anatoa pasi za chini, huku, kule, Ngarambe wanamtafuta hawamwoni, Sadala akafunga la kwanza, akafunga la pili, tukawa sare.

Sasa ndipo penye mwiba. Zimebaki kama dakika kumi, Saidy akaja kuninong'oneza, "Kocha, kumbuka ulichosema kijiweni. Mtoe Amri." Na nilikuwa na mtu wa kumwingiza, Hilal, ameshafunga viatu, amesimama. Nikamtazama Amri pale kati, nikasema, "Mwache." Dakika nne baadaye akapenyeza pasi moja katikati ya mabeki wawili, tukapata la tatu. Filimbi ya mwisho ilipolia nilikimbia uwanjani, nikamkumbatia, nikabebwa juu juu, na huko juu nikawaona watu wa kijiweni wamesimama pembeni wameshika vichwa kama watu wa msibani.

Nilipofika nyumbani habari ilishanitangulia. Mwanahalima hakugomba, alimchukua binti yetu Sihaba akaenda kwao Mahege. Kombe likalala kwangu, mke akalala kwao.

Nikaenda kwa shehe, akanikemea mpaka nikaloa jasho, kisha akaniambia kwa maneno niliyoyatamka imepita talaka moja, mke yumo edani, kwa hiyo nimrejee kwa kauli mbele ya mashahidi, na nikamrejea. Nililia, Bi Waride, nilikuwa nimebeba gunia la mawe nikatuliwa. Siku ya pili Mwanahalima akapiga simu. Akasema, "Baba Sihaba, niambie kitu kimoja tu. Ulipomwacha Amri uwanjani, maneno yako uliyakumbuka au uliyasahau?" Nikasema, "Nilisahau, mama Sihaba, wallahi mpira ulinipanda kichwani." Akacheka, akasema Jumamosi anarudi.

Nimefurahi mpaka nimepiga chokaa nyumba. Tangu siku ile tunacheza mpira wa chini, na mimi nalala usingizi, kumbe kushindana na watu kila siku kulikuwa kunanila. Lakini Jumamosi inakaribia, na mtu anayejua kwamba sikusahau ni Saidy peke yake. Yeye anasema ninyamaze, yaliyopita si ndwele. Je, ninyamaze?

Fikirini, Mtunda

JIBU LA BI WARIDE

Fikirini, hongera kwa kombe, pole kwa jasho, na aibu yako umeilipia nusu tu.

Nianze na mpira, maana ndio unaousikia upesi. Mimi nimelelewa na kaka watano, najua nisemalo. Miaka kumi na moja hukufundisha mpira, ulifundisha tope. Dawa ya uwanja wa Mtunda umeibeba mpaka Kibiti kwenye ardhi kavu, ukashangaa mgonjwa hanyanyuki. Mipira mirefu si dhambi. Masika yakirudi butueni, na umuulize Amri mwenyewe asimame wapi. Lakini mtoto anayeuona uwanja mzima humweki pembeni kufukuzia mipira, na kifua hakitoi pasi. Hilo limekwisha, tusirudi tena.

Sasa mke. Umemtaja mwanamke aliyekuwa zake nyumbani akikupikia, ukamtia katika ugomvi wa nani acheze wapi, na zaidi ya hapo ugomvi wa kumkataa ndugu yake. Wanaume wa kijiwe mna ugonjwa huu: hoja ikikuisha, unashika talaka. Ungeshika kikombe chako ukanywa. Tena mshukuru yule mzee aliyekuambia urudishe ulimi, maana yeye ndiye aliyekuwa na akili siku ile. Umemrejea, alhamdulillahi, nami nimekufurahia kwa dhati, nilipofika hapo kwenye barua yako nilishusha pumzi. Lakini zimebaki talaka mbili, Fikirini, na msimu una mechi nyingi.

Unauliza unyamaze? Usinyamaze. Huyo Saidy kakupa methali nusu, nusu ya pili inasema tugange yajayo, na yajayo ni siku Saidy atakapokasirika nawe, akayatoa kijiweni ulikoyaanzia wewe. Mkeo atayasikia kisimani. Hapo hutamwona akicheka kwenye simu.

Halafu hakukuuliza mambo kumi. Alikuuliza moja tu, ukamwongopea, ukaitia wallahi juu yake. Kwa hiyo ukatoka kwenye kiapo kimoja ukaingia kingine kabla chokaa haijakauka! Hiyo wallahi mpelekee shehe, mimi si shehe, akuelekeze la kufanya.

Kisha nenda Mahege Ijumaa, baada ya swala. Usingoje Jumamosi, maana akishafika kwako na mizigo yake na mtoto, utakuwa umemwambia mtu ambaye kurudi kwao ni aibu mara ya pili. Mwambie akiwa bado kwa mama yake, ana hiari yake. Usipige simu. Saidy asije, kombe lisije, na mkwe wako mwombe kwa adabu akupisheni chumba. Mwambie: nilikumbushwa, nilikumbuka, nikasema mwache.

Ataumia. Akitaka kukaa kwao wiki nyingine, akae, nawe usitume wazee wala usimlilie mtoto. Pelekea nyumba hiyo mchele, urudi shambani kwako ungoje.

Ila nakwambia hili ili usiende ukitetemeka. Mimi nimeisoma barua yako mara mbili, na mtu niliyemwona dakika zile za mwisho si mwanaume anayemtupa mkewe kwa ajili ya kombe. Nilimwona mbishi aliyemtazama kijana mwembamba akicheza, na mara ya kwanza akamwona. Hiyo haifuti kosa, na usiitoe kama utetezi. Lakini akikuuliza kwa nini hukumtoa, usimtajie ushindi wala kumlaumu Saidy. Mwambie, "Nilikuwa nimekosea juu ya mdogo wako, na nilifurahi kukosea." Halafu funga mdomo, Fikirini, safari hii uufunge kweli, maana neno linalofuata ni lake.