Robine Yenye Kufuli

Jumanne, 8 Agosti 2023
Nimefika Gashonga, ng'ambo ya mpaka! Kutoka mpakani hadi Kamembe kwa taxi, kisha moto, yaani pikipiki. Dereva alinivalisha casque, kofia ngumu, yenye jasho la wilaya nzima ya Rusizi. Barabara safi, hakuna hata sachet moja ya plastiki. Kwetu Bukavu bantu banapayuka hata wakisalimiana. Huku wanasalimia kwa sauti ya kanisani. Migomba, mihogo, maharage mpaka mlangoni. Mdogo wangu Chloé amelala na mtoto wake wa siku sita. Nepi chafu zimejaa karai. Nikauliza maji yako wapi. Mama mkwe wake, Maman Mukamazimpaka, akanionyesha bonde.

Jumatano, 9 Agosti
Nimeshuka na bidon ya lita ishirini. Kushuka, rahisi. Kupanda — Mungu wangu! Miaka hamsini na mbili, nimebeba marobota ya vitenge mpakani maisha yangu yote, na hiyo bidon imenishinda. Wamama walinicheka vizuri. Jirani yetu Védastine, mimba ya miezi saba, alipanda mbele yangu akiimba.
Halafu, juu kabisa, robine mpya, bomba la maji. Ya saruji, imepakwa rangi. Na kufuli! Nilidhani ni kavu. Hapana, maji yamo tangu wiki tano. Eti kamati ya maji inangoja wageni waje kukata utepe. Nikacheka mimi sasa. Védastine hakucheka.

Ijumaa, 11 Agosti
Nimemwendea Habumugisha, mwenye ufunguo. Mpole, amenipa kiti.
"Maman, si miye. Bageni bakifika, nafungua."
"Lini?"
"Habajasema."
Nikamwambia batoto banakunywa leo. Akaurudisha ufunguo mfukoni.
Maman Mukamazimpaka alikuwa ananingoja mlangoni. Akaniambia mimi ni mugeni, karatasi yangu ya mpaka ni ya siku chache; nitarudi Bukavu, na Chloé atabaki hapa na majirani niliowachokoza. Ana haki. Imeniuma kwa sababu ana haki. Chloé akamgeuzia mtoto titi la pili.

Jumamosi, 12 Agosti
Védastine ameanguka. Asubuhi, kwenye mteremko, nikiwa nyuma yake. Bidon iliviringika mpaka chini. Yeye alibaki ameshika tumbo. Damu. Wanaume wanne walimbeba kwa machela hadi barabarani.
Sijui zaidi.

Jumapili, 13 Agosti
Mtoto wa Védastine hakupona. Mama yuko hai, bado kwenye kituo cha afya. Kanisani walimwombea. Halafu wakamshukuru Mungu kwa robine. Kwa robine! Nilisimama katikati ya sala, nikatoka nje. Viatu vyangu vilipiga kelele, na viache vipige.

Jumatatu, 14 Agosti
Saa tatu asubuhi. Naandika nimekaa kwenye saruji, miguu imelowa.
Nimeivunja kufuli. Kwa jiwe, mapigo manne. Maji yalitoka ya kahawia, kisha safi. Nilidhani nitakuwa peke yangu. Walikuja wamama wawili. Halafu bidon za njano zikajaa njia. Chloé naye akaja, hajatoka nyumbani tangu azae, mtoto kifuani. Sikumwita!
Habumugisha amefika na kaye, daftari la kamati. Amepiga simu kwa kamati, iko njiani. Nani amevunja? Lazima apeleke jina. Wamama wakaangalia chini.
"Miye," nikasema.
Akauliza jina langu linaandikwaje. Nikachukua bic yake nikaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa: Micheline Bashige, Bukavu. Wanirudishe mpakani leo, sijali. Wamama wameshachota.
Hapo Maman Mukamazimpaka akapita katikati ya watu, akaninyang'anya ile bic. Nilijua anakuja kufuta. Nikafungua mdomo.
"Nyamaza, Micheline. Védastine nilimuzalisha miye, batoto yake bote."
Ameinama juu ya kaye. Hajui sana kuandika. M. U. K. A. Jina refu hilo! Nyuma yake wamama wamejipanga, bidon zimewekwa chini, kila mmoja anangoja bic aandike jina lake. Moto mbili za kamati zinapanda mlima, nazisikia. Habumugisha amegeuka kuangalia barabara, jasho linamtoka, lakini kaye bado anamshikia.
Amefika kwenye Z —